Nimefuma sweta jepesi la kubana mwili hapa Tabora: uzi wa kufumua, hesabu, na sweta la kwanza lililoniaibisha

Sindano Namba Kumi (mwanzisha mada)

Wakuu, mwangaluka.

Huu ni uzi kuhusu uzi. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi tuendelee.

Mnaoishi Tabora mnaijua Juni hadi Agosti. Alfajiri ukitoka kwenda kazini ni nyuzijoto 15 hivi, na kwenye bodaboda upepo unakuingia hadi kwenye mifupa. Ikifika saa 6 mchana jua limekaza, inakaribia 28, na lile sweta zito la asubuhi limekuwa mzigo wa kubeba kwapani. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Miaka yote nimeingia kipindi cha nne chaki mkono huu, sweta mkono ule. Ya madukani ama ni manene kama godoro, ama ni yale ya plastiki yanayokutoa jasho na kupiga cheche ukiyavua gizani. Nilitaka sweta jepesi, linaloshika mwili, niweze kulivaa chini ya koti asubuhi na kubaki nalo darasani bila kuonekana nimevaa blanketi.

Nikaamua kulibuni na kulifuma mwenyewe. Nimemaliza wiki iliyopita, mara ya pili. Ya kwanza nitaieleza, msiharakishe.

Kwanza uzi. Hapa mjini nyuzi za dukani nilizoziona karibu zote ni akriliki nene, ile ya vitambaa vya makochi na sweta za watoto wachanga. Sufu nyembamba sijaikuta dukani. Nimeikuta kwenye mitumba. Jumapili moja nilipekua rundo nikapata sweta la kiume, kubwa, kijani cha jani la mwembe, kiwiko kimoja kimeliwa na nondo, lebo imekatwa. Shilingi 4,000. Nikachomoa uzi kidogo pale kiwikoni nikauwasha kiberiti: harufu ya nywele zilizoungua, na majivu yakasagika vidoleni. Hiyo ni sufu. Akriliki ingeyeyuka na kuganda kidonge kigumu, pamba ingenuka karatasi. Muuza mitumba alidhani nimekuja kumchomea banda, ikabidi nimweleze kemia kidogo.

Halafu kabla ya kulipa geuza sweta ndani nje utazame ubavuni. Kama kingo za kitambaa ni nzima na zimeunganishwa kwa mnyororo wa uzi, ukikata ule mnyororo sweta linafumuka mstari kwa mstari na uzi unatoka mrefu. Kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki, rudisha kwenye rundo. Kila mstari umekatwa, utaondoka na mamia ya vipande vya upana wa mgongo mmoja. Na lile lililofuliwa maji ya moto hadi likajikaza kama blanketi la jeshi halifumuki hata ulilie.

Nilifumua jioni tatu. Jirani anayeuza asali akanipimia kwenye mzani wake: gramu 310. Uzi ulikuwa mwembamba mno kwa sindano za mkono, nikashika nyuzi mbili pamoja.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na ndilo lililonigharimu mwezi mzima. Uzi uliofumuliwa hutoka umejipinda kama nywele zilizotoka kwenye misuko. Mimi, kwa haraka zangu, nikaufuma hivyohivyo. Kipande changu cha majaribio kikanipa mishono 28 (vile vitanzi vya kufuma) kwa sentimita 10 za upana, kwenye sindano ya milimita 3.25. Sikukifua. Nikaenda kwenye hesabu.

Kifua changu ni sentimita 92. Na hapa niseme kitu ambacho wanafunzi wangu wanakikataa hata ubaoni: sweta la kubana lazima liwe dogo kuliko mtu. Sweta la kawaida unaliachia nafasi, mwili 92 sweta 100 au zaidi. Sweta la kubana nafasi yake ni hasi. Kitambaa cha kufuma kinavutika, kwa hiyo unakipa kipimo pungufu na mwili unakijaza wenyewe. Nilichukua hasi 4, sweta likawa la sentimita 88. Ukizidisha sana hasi, mishono inafunguka kifuani na watu wanaona sidiria. Kwa sufu mimi naishia asilimia 5 au 7.

88 mara 2.8 ni 246. Nikafuma mishono 246 siku 26. Lilinishika vizuri sana. Nikalifua, nikalianika, nikalivaa kwenda kwenye kikao. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimekonda ghafla, ninaumwa?

Uzi ulipopata maji ulinyooka, ile mipindo ikaisha, na mishono 28 ikawa 26. Sasa 246 gawanya kwa 2.6: sentimita 94.6. Sweta la kubana limekuwa kubwa kuliko mimi! Mishono miwili tu kwa kila sentimita 10, na kuzunguka mwili mzima tofauti ni zaidi ya sentimita 6.

Nikalifumua lote. Safari hii nikauzungushia uzi kwenye miguu ya stuli iliyopinduliwa, nikafunga mashada kwa kamba sehemu nne, nikayaloweka kwenye maji ya baridi yenye sabuni kidogo, nikayaning'iniza kivulini na chupa ndogo ya maji chini ya kila shada iyavute. Yakakauka yamenyooka. Kipande kipya cha majaribio, upana sentimita 15, nikakifua na kukilaza kwenye taulo. Nikapima katikati, maana pembeni mishono hudanganya. 26 kwa 10 kwenda upana, mistari 36 kwa 10 kwenda juu. Kabla ya kufua na baada ya kufua, ileile. Hapo nikakaa chini na daftari.

88 mara 2.6 ni 228.8, nikachukua 228.

Nimelifuma kuanzia shingoni kwenda chini, bega la mshazari (mistari ya kuinama inayotoka shingoni hadi kwapani), kwa sindano ya duara, ile yenye waya katikati. Niliiagiza Dar ikaja na ndugu kwa treni. Uzuri wa kushuka kutoka juu ni kwamba unalijaribu mwilini likiwa bado kwenye waya. Nilianzisha mishono 104: mgongo 36, kifua 36, kila mkono 12, na miwili kwa kila mstari wa mshazari, mistari iko minne. Kila baada ya mzunguko mmoja unaongeza mshono huku na huku ya kila mshazari, yaani 8 kwa mpigo. Mara 32. Mgongo unakuwa 102 ukihesabu na mishono yake ya mshazari, kifua hivyohivyo. Unaongeza 12 chini ya kila kwapa, jumla 228. Hesabu ikanikalia kama sahani na kawa.

Ila mkono! Ukiuongeza mara 32 kama mwili unapata mishono 90 pamoja na ya kwapani, ambayo ni sentimita 34.6. Mkono wangu wa juu ni 31. Ndiyo sababu sweta nyingi za mtindo huu zinabana kifua na kupepea kwapani kama popo. Mikono nikaiongeza mara 26 tu kati ya zile 32, nikairuhusu kupumzika mara 6 zilizotawanywa karibu na mwisho. 78 gawanya 2.6, sentimita 30 kamili. Hii niliikamata kwenye karatasi kabla ya kugusa sindano.

Kiuno ni 76, nikakifuata kilivyo bila hasi (nakula ugali, naomba heshima). Mishono 196. Kutoka 228 unaondoa 32, minne kwa kila mzunguko wa kupunguza, mizunguko minane. Nilishuka sentimita 5 wima kutoka kwapani, halafu nikapunguza kila mzunguko wa 6. Sikupunguzia ubavuni. Nilipunguzia pale mafundi cherehani wanapobana gauni, mahali pawili mgongoni na pawili mbele, karibu theluthi ya upana kutoka ubavuni. Ukipunguzia ubavuni peke yake unapata umbo la ngoma ya mdundiko. Kutoka kiunoni nikaongeza tena hadi 232 kwa ajili ya nyonga, nikamalizia na mpira wa chini, ule ukingo wa milia unaovutika, sentimita 5 kwa sindano nyembamba zaidi.

Sweta zima gramu 240. Naweza kulikunja likaingia kwenye pochi. Maswali yaje.

Mgebuka Mkavu

Nimesoma yote nikatoka jasho. Sisi wa Mwanga, Kigoma, kando ya ziwa, sweta ni vazi la kwendea msibani Kasulu.

Heru Juu

@Mgebuka Mkavu ndiyo maana mkija huku mnasimama kwenye moto wa matanga mnazuia wafiwa. Sweta zenu mmeazima.

Dada Sindano hongera. Nina swali. Mimi nafuma, uzi mwembamba, kubana nimebana, lakini mbele linapanda. Nikinyoosha mikono kitovu kinasalimia watu. Nyuma liko sawa. Kosa liko wapi? Vipimo vya urefu nilichukua vizuri.

Sindano Namba Kumi

@Heru Juu kosa halipo kwenye urefu uliopima. Shika kitambaa cha kufuma ukivute upana uone: kinafupika. Sweta lenye nafasi hasi linavutwa upana muda wote uliolivaa, kwa hiyo urefu unapungua bila kukuaga. Mimi kipande changu cha majaribio nilikivuta hadi upana utakaovutwa mwilini ndipo nikapima mistari. Usipopenda mambo hayo ongeza tu sentimita 3 kwenye urefu.

Na mbele kuna kifua, kinakula kitambaa ambacho mgongo hauli. Hapo unafuma mistari nusu: unafika karibu na ubavu, unageuza kazi kabla ya kumaliza mstari, unarudi, upande wa pili unageuza vilevile, kila safari unaishia mishono mitano kabla ya pale ulipogeuzia mwanzo. Mbele inapata mistari zaidi, mgongo unabaki na yake. Mimi niliweka mistari 10 ya ziada, kama sentimita 2.8, usawa wa chini kidogo ya kwapa. Pale unapogeuzia zungushia uzi kwenye mshono wa jirani, la sivyo unaacha tundu.

Kipepeo wa Ipuli

Swali la kijinga: si ungelivaa tu lile la mtumba?

Sindano Namba Kumi

Lilikuwa la baba mwenye mwili wa kontena, na kiwiko hakipo.

Mama Pacha Kanyenye

Wanangu, hamjambo. Mimi nafuma masweta ya shule kwa mashine, tangu watoto wangu wako chekechea, sasa wana watoto wao. Mwalimu, kazi yako nimeielewa na hesabu zako ni safi, lakini nina ugomvi nawe.

Hilo la kuzunguka bila mshono wa ubavuni silikubali. Mshono wa ubavuni ndio mfupa wa sweta. Mimi nafuma mgongo peke yake, kifua peke yake, mikono miwili, halafu naunganisha. Likivaliwa mwaka mzima linabaki limesimama. Lisilo na mshono linajizungusha, utakuta mstari wa ubavuni umehamia tumboni, na chini linalegea. Mtoto akilitundika kwenye msumari wiki moja linakuwa kanzu.

La pili, shingo. Umesema mgongo 36 na kifua 36. Shingo ya binadamu haiko sawa mbele na nyuma. Itakukaba kooni na nyuma itaachia baridi.

Sindano Namba Kumi

Shikamoo mama. La shingo umenikamata, sikuliandika. Baada ya mpira wa shingoni nilifuma mistari nusu sita upande wa nyuma peke yake, kutoka bega hadi bega, nyuma ikapanda juu na mbele ikashuka. Bila hiyo lingenikaba kweli.

La mshono ubavuni nakubali nusu. Sweta la shule ni zito, linavutwa, linatundikwa, lazima liwe na mfupa. Hili ni gramu 240, na mshono kwenye kitambaa chembamba kinachobana unajichora kama kovu chini ya blauzi. Ila nimeweka mshono mmoja wa kugeuza (kitanzi kinachoonyesha mgongo wake upande wa nje) unaoshuka kila ubavu, kama mstari wa kukunjia. Na silitundiki, nalikunja.

Mama Pacha Kanyenye

Marahaba. Subiri mwaka mmoja uniletee nilione.

Kamanda wa Zamu

Mods, hizi mada za akina mama zina jukwaa lake. Mwanaume mzima nimefungua nikidhani ni uzi wa siasa.

Mgebuka Mkavu

@Kamanda wa Zamu njoo Kibirizi asubuhi uone midevu iliyokaa mchangani inafuma nyavu. Kawaambie waende jukwaa la akina mama, mimi nitashika nguo zako.

Mgeni Njiani

Naombeni msaada nisichekwe. Nilipata mchoro wa sweta la kubana kwenye intaneti, la Wamarekani. Umeandika sindano namba 3. Nikaenda sokoni nikaomba namba 3, nikapewa. Nimefuma wiki mbili. Nimetoa kitu ambacho ukikiinua juu unaona kanisa la ng'ambo ya barabara.

Mgebuka Mkavu

Tuletee huku tuvulie. Dagaa watapita wote, ila kuhe mmoja mzembe unaweza ukampata.

Sindano Namba Kumi

@Mgeni Njiani pole sana mdogo wangu, hujakosea peke yako. Sindano za zamani zilizobaki huku zinafuata namba za Kiingereza, na kwa Waingereza namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba. Kwa Wamarekani ni kinyume. Namba 3 ya Marekani ni milimita 3.25. Namba 3 ya Uingereza ni milimita 6.5, mara mbili kamili. Ulichotakiwa kuomba sokoni ni namba 10, ambayo ndiyo 3.25. (Jina langu la humu limetoka hapo.) Namba 12 ni 2.75, hiyo ni ya mpira. Namba 8 ni 4. Achana na namba kabisa, uliza milimita, na kama muuzaji hajui nenda kwa fundi yeyote mwenye kipimo cha kubana.

Fundi Spoki

Kipimo ninacho, njooni.

Mimi natengeneza baiskeli. Bibi yangu mzaa mama, huko Urambo, alifuma maisha yake yote kwa spoki. Unakata spoki mbili sawa, upande mmoja unasugua kwenye jiwe hadi incha iwe ya mviringo isikwaruze uzi, upande wa pili unachomeka kipande cha raba ya kandambili mishono isidondoke. Spoki ya kawaida ni milimita 2. Zile za baiskeli za mizigo zinanenepa kidogo. Nikiwa mdogo nilikuwa namwibia, baba anazirudisha kwenye gurudumu. Kwenye huo mpira wa chini wa mwalimu, spoki zingefaa?

Sindano Namba Kumi

@Fundi Spoki shikamoo. Milimita 2 ni kama namba 14 ya Kiingereza. Kwa uzi wangu mpira ungekaza kupita kiasi, ungeacha alama kwenye nyonga. Kwa uzi mmoja badala ya mbili zingefaa sana. Ila nitakuja kwa ajili ya zile za mizigo, na raba ya kandambili nimeipenda mno.

Pamba Igunga

Mwalimu nakusalimu, ila roho inaniuma. Igunga na Nzega tunalima pamba. Wewe uko Tabora, mkoa uleule, unafumua sufu ya kondoo wa Wazungu kutoka kwenye rundo la mitumba. Sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini haijasokotwa hata uzi mmoja. Babu zetu walibeba merikani begani, pwani hadi Unyanyembe hadi Ujiji, kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani, na sisi leo bado tunasubiri mzigo ufunguliwe. Kwa nini usifume pamba?

Sindano Namba Kumi

Ndugu yangu, nimeijaribu. Nilifuma fulana ya mikono mifupi kwa uzi wa pamba kabla ya hili. Shida si uzalendo. Sufu ina mipindo kwenye unyoya wenyewe, ukiivuta inarudi. Pamba haina, ukiivuta inabaki ilipo. Asubuhi fulana ilinibana vizuri, jioni kiwiko na kifua vilikuwa vimetokeza kama nina mizigo ndani. Halafu pamba ni nzito, inavutwa chini na uzito wake, ikilowa ndiyo kabisa.

Lakini kuna namna. Ukifuma pamba, usiitegemee kukubana kwa kuvutika. Mpe mtu nafasi sifuri badala ya hasi, umbo lilete kiuno lenyewe kwa kupunguza na kuongeza, na mwili wote ufumwe kwa mishono ya mpira, miwili ya kawaida miwili ya kugeuza, maana mpira una mkunjo wake hata kama uzi hauna. Na hapo, mama Pacha, mshono wa ubavuni lazima. Kwa pamba uko sahihi kabisa.

Mama Pacha Kanyenye

Nimeiona. Nimemsomea mume wangu.

Pamba Igunga

Sijaridhika ila nimeelewa. Siku nikipata wa kunisokotea uzi mwembamba nitakuletea kilo moja.

Kipepeo wa Ipuli

Na akriliki je? Ndiyo iliyopo. Si wote tuna subira ya kuchoma kiberiti mitumbani.

Sindano Namba Kumi

Inafaa, ni nyepesi na nondo hawaigusi. Haipumui tu, mchana utaiona. Kuna jambo moja: usiipige pasi. Akriliki ikipata joto la pasi inalegea moja kwa moja, ule mvutano unaondoka na haurudi tena. Mpira wa mkononi utaning'inia kama ulimi wa mbuzi. Ifue, ilaze, basi.

Sufu nayo usiifue kwa maji ya moto wala kuisugua. Itajikaza na utampa mtoto wa darasa la pili.

Heru Juu

Nimerudi. Nimeweka mistari nusu kumi kama ulivyosema dada, chini ya kwapa. Kitovu kimetulia. Ila sehemu moja nimeacha tundu pale nilipogeuzia, nimeliziba kwa sindano ya mkono na hakuna aliyeona isipokuwa mama mkwe.

Mgebuka Mkavu

Mama wakwe wa Kasulu wanaona tundu la sweta wakiwa Manyovu.

Mgeni Njiani

Jamani nimeanza upya. Sindano nimepeleka kwa Fundi Spoki, amepima, ni 3.25 kweli. Uzi nimefumua wa mtumba, nimeuchoma umenuka nywele, nimeufua kwenye mashada kwanza. Kipande cha majaribio nimekifua, nimekausha kwenye mkeka kivulini, nimepima mara tatu: mishono 24 kwa sentimita 10. Kifua 86, nimetoa 4, ni 82. Sina sindano ya duara kwa hiyo nafuata njia ya mama Pacha, vipande. Kila kipande sentimita 41, mara 2.4 ni 98.4. Nianzishe 98?

Mama Pacha Kanyenye

Mpira wako ni wa aina gani mwanangu?

Mgeni Njiani

Miwili miwili.

Mama Pacha Kanyenye

Basi 98 haigawanyiki kwa nne, kwenye mshono wa ubavuni mpira hautakutana, utaona mstari mpana unaochekesha. Chagua 96 au 100. Kama uzi ni sufu kweli chagua 96, sweta litakuwa la 80, litakushika. Halafu ongeza mmoja kila upande wa kuliwa na mshono. Anzisha 98 hiyohiyo, lakini ujue miwili si ya mpira.

Sindano Namba Kumi

Mama, hiyo ni hasi 6, karibu asilimia 7. Ndipo ninapoishia mimi.

Mama Pacha Kanyenye

Ana miaka mingapi? Kijana atavumilia.

Mgeni Njiani

22. Nimeanzisha 98, nimefika mstari wa 12. Mama yangu anauliza kwa nini nahesabu peke yangu usiku.

Mgebuka Mkavu

Na ule wavu wa kwanza uko wapi? Niliuahidi watu.

Mgeni Njiani

Umewekewa vitunguu, umetundikwa jikoni. Unapitisha hewa vizuri sana.